Mliosoma riwaya ya dunia kuharibika mkiwa kikundi, tupeane uzoefu

Mtu wa Kimara: Jana maji yametoka mtaani usiku wa manane, watu wanasukumana na ndoo, nikakumbuka kile kitabu cha Saramago, yule mwandishi Mreno, cha mji mzima kupofuka. Tulikisoma watu wanane, kila Jumamosi, kwangu. Vipofu wamefungiwa, genge linashika chakula. Kwanza linataka vito, vikiisha linataka wanawake. Zamu ya kusoma kwa sauti ilikuwa ya dada mmoja mpole. Alipofika hapo sauti ikamkauka. Akafunga kitabu kidole kikiwa bado ndani, akatoka, akakaa juu ya ndoo uani. Hatujainuka kumfuata, umeme ukakatika. Giza totoro, hakuna anayekohoa. Nasikia tu sinia linakwaruzwa. Taa kuwaka, maandazi kumi na mawili yamebaki matatu! Watu wazima na kazi zao, kila mmoja anaangalia dari. Hatukukutana tena.

Bi Mkubwa: Pale hata mimi niliishia.

Mbishi wa Tabata: Mnahangaika na Mreno wakati Kezilahabi ametuandikia Nagona tangu 1990, na Mzingile mwaka uliofuata.

Kaka Posta: Nagona tuliijaribu. Kijitabu chembamba, mwezi mzima tunagombana, kila mtu ametoka na Nagona yake.

Mbishi wa Tabata: Hamkuwa makini.

Kaka Posta: Wewe ulimwelewa nani humo?

Mwalimu Mstaafu: Acheni hizo. Saramago kapewa Nobeli 1998, si wa kubezwa. Wahusika wake hawana majina, ni "mke wa daktari" tu, ndiyo maana unajikuta humo. Ushauri: someni mchana.

Bi Mkubwa: Mchana joto, mtalala. Someni usiku ila mle kwanza.

Chapati Mbili: Mke wa daktari ndiye pekee aliyekuwa anaona. Basi kwenu anayeona ni mla maandazi 😂 Ni nani?

Mtu wa Kimara: Sijui hadi leo.

Niliyekuwepo: Nimevumilia nimeshindwa. Umeme haukukatika, ni luku yako iliyoisha, mwenyeji. Na aliyenunua ni dada huyo huyo, kwa simu yake, huko uani, wewe ukaja kuingiza namba. Mbona hilo umeliruka?

Mtu wa Kimara: Haya. Na maandazi?

Niliyekuwepo: Matano nilimpelekea yeye, alikuwa anatetemeka. Hayo manne mengine ulizaneni.