Panadol, brufen, diklofenaki: ipi ya mzee mwenye presha?

Mchumaji
Assalaam alaykum. Mzee wangu yuko Konde, kashapita miaka sitini, na msimu huu bado anapanda juu ya mikarafuu mwenyewe, hakatazeki. Usiku halali kwa mabega na magoti. Dukani kapewa diklofenaki, jirani anamsifia brufen, bi mkubwa kashikilia panadol. Ana presha na dawa yake anameza kila siku. Ipi imfae?

Ngalawa2
Waalaykum salaam. Diklo haina mpinzani. Mie nikirudi baharini mgongo umekatika nameza moja, asubuhi mzima. Panadol kwa viungo ni sawa na kumpa biskuti.

Mfamasia_Wete
Ngalawa, wewe huna presha, yeye anayo. Brufen na diklofenaki ni ukoo mmoja. Zinatuliza maumivu na uvimbe kweli, lakini zinazuia maji na chumvi mwilini, presha ikapanda. Zinaweza kulitoboa tumbo, na zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Kama dawa yake ni losatani au enalaprili na anameza pia ya kukojoza, ukimuongezea diklo, tena katoka jasho juu ya mti kutwa nzima, figo zinaweza kufeli. Aliyewahi kupata kiharusi au mshituko wa moyo diklofenaki haimfai kabisa.

Aanze na panadol ya kawaida, yaani parasetamoli, miligramu 500: kimoja au viwili, arudie baada ya saa sita akihitaji, visizidi vinane kwa siku. Mwembamba sana au mwenye ini bovu apunguze. Ile ya kuyeyusha kwenye maji aiwache, ina chumvi nyingi. Magoti tumchue kwa jeli ya diklofenaki, maana inayofika kwenye damu ni kidogo kuliko ya kidonge, ila daktari wake ajue.

UmmuSalim
Tena angalieni vibahasha! Duka moja la huku kwetu wanakuhesabia vidonge, wanaandika "1x3" kwa kalamu, basi, jina la dawa hakuna. Nilifungua cha mama nikakuta aina mbili, na moja ni ule mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Pembeni ana panadol zake, na dawa ya mafua. Mafua yenyewe hana.

Mfamasia_Wete
Hapo ndipo panadol inapodhuru watu. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli, kwa hiyo mtu anapita kiwango bila kujijua. Na ini halipigi kelele: siku ya kwanza ni kichefuchefu tu, au hakuna kitu. Aliyezidisha apelekwe hospitali hata akiwa anacheka. Dawa ya kumwokoa ipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa nane tangu azidishe. Wanaosubiri macho yawe manjano wanachelewa.

Kijana_Mkoani
Na Ramadhani je? Kichwa cha alasiri hakiniachi. Adhana tu, brufen, kabla hata ya uji.

UmmuSalim
Tende na maji kwanza mwanangu! Kichwa hicho ni kiu na kahawa uliyoikosa.

Mfamasia_Wete
Bi Ummu kasema kweli. Tumbo tupu na mwili mkavu ndiyo hali mbaya kabisa ya kumezea brufen. Futuru, kunywa maji ya kutosha, na kichwa kikibaki panadol inatosha. Ukiona choo cheusi tii, hospitali siku hiyo hiyo. Na kama kichwa kimekuja na homa, ukapime malaria. Brufen na asprini ziweke mbali mpaka ijulikane si homa ya dengi, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu.

Ngalawa2
Haya, nimesikia. Mie nilidhani panadol ndiyo ya watoto.

Mchumaji
Nimempigia. Ya presha ni losatani, na kuna ya pili ya kukojoza. Diklo anameza tangu juzi, mara tatu kwa siku, na leo anasema miguu imemvimba.

Mfamasia_Wete
Diklo aiwache sasa hivi, ya presha asiiguse bila daktari. Kukivimba namna hiyo usingoje wiki: kesho asubuhi apelekwe apimwe presha na damu ya figo, na leo usiku akikosa pumzi au mkojo ukikata, mwende hapo hapo. Vibahasha vyote mchukue.