Inveta inapata moto na kujizima, naomba ushauri

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina duka dogo hapa Arua. Umeme ukikatika nategemea inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya 12V, 1000VA, kuendesha friji na taa. Shida ni kwamba friji ikishafanya kazi kwa muda, inveta inalia alamu ya joto na kujizima. Ikipoa inawaka tena kama haina neno.

Nimeifungua. Feni inazunguka vizuri, vumbi nimelipuliza (vumbi jekundu la huku mnalijua), waya za betri zimekazwa na hazipati moto. Ila transista (vile vipande vinavyowasha na kukata umeme ndani) za upande mmoja wa bamba la alumini la kupoza zina joto kali kuliko za upande wa pili, na ile grisi nyeupe chini yake imekauka ikawa unga.

Fundi mmoja anashauri nitoe vikaratasi vya maika (vile vya kuzuia umeme kati ya transista na bamba), chuma kiguse chuma, joto litoke haraka. Nasita: si mgongo wa transista una umeme, na bamba ni moja kwa zote?

Je, grisi mpya inatosha, au joto la upande mmoja ni dalili ya transista iliyochoka? Na nikiongeza feni, iingize hewa ya nje au itoe ile ya moto?