Kishungi cha korongo taji tukitengeneze kwa kitu gani?

Mama wa Arua: Habarini ndugu zangu. Shule zimefungwa na wanangu wanataka kutengeneza korongo taji, yule ndege wa kwenye bendera yetu ya Uganda. Nina trei za mayai, chupa za maji na boksi la sabuni. Mwili tumeumaliza, ila kile kishungi cha dhahabu kinatushinda, na sitaki kununua kitu.

Mwalimu wa chekechea, Jinja: Dada, una mgomba karibu? Chukua ganda la shina lililokauka, lichane kwa meno ya uma mpaka zitoke nyuzi nyembamba kama nywele. Zifunge chini kwa uzi, kata juu zilingane, kisha ziloweke usiku kucha kwenye maji ya bizari ya manjano. Zikikauka, zinasimama zenyewe. Naomba pia msisahau kifuko chekundu chini ya koo! Watoto hukiruka, lakini bila hicho mimi naona ni bata tu mwenye shungi. Shavu liwe jeupe.

Babu wa Bombo: Gundi msinunue. Koroga unga wa muhogo kwa maji baridi, pika moto mdogo mpaka ung'ae.

Mama wa Arua: Asanteni sana! Shikamoo babu. Miguu je? Tumeweka njiti za ufagio.

Mwalimu wa chekechea, Jinja: Zinafaa. Kidole cha nyuma kiwe kirefu, ndicho anachoshikia tawi. Korongo wengi hawalali mitini, huyu wetu analala. Waambie watoto wamtafutie na tawi.