Buti imegoma kufunguka kwa swichi, naombeni ushauri

Wakuu habarini, niko Mwanza huku Buzuruga, gari yangu ni hatchback ya Kijapani, mlango wa nyuma haufunguki kwa ile swichi ya juu ya namba, ukibonyeza kimya kabisa, halafu kuna siku unakubali wenyewe hasa jua likiwaka, mvua ikinyesha ndo basi tena. Sentro loki milango mingine iko poa, fyuzi nimecheki ni nzima. Fundi wa mtaani kashasema mota ya loki imekufa ninunue nyingine, mi naona anabahatisha maana hajapima hata waya mmoja, na mota iliyokufa inafufukaje kwa jua jamani?

Ninachoshuku ni nyaya zinazopita kwenye mpira pale bawabani, kwa sababu hata taa ya namba inazimika ghafla, ukiubamiza mlango inawaka. Sasa nianze kuchomoa huo mpira nitafute waya uliokatikia ndani, au nipime kwanza kwenye soketi ya mota kama volti 12 zinafika mtu akibonyeza? Na arthi ya mlango naipimaje? Nabeba dagaa toka Mwaloni Kirumba, saivi napitishia siti za nyuma, harufu yake mmh. Anayemjua fundi umeme wa uhakika Nyakato au Igoma aniambie.