Kidato cha pili hawafungui mdomo kipindi cha Kiingereza, naomba ushauri

Ticha_Kusini: Wakuu, nafundisha Kiingereza wilaya ya Nachingwea. Nikiuliza swali, darasa zima kimya, macho kwenye madaftari. Mwanzoni angalau walinong'ona majibu. Mtihani wa taifa ni Novemba, usingizi sipati. Nifanyeje?

Mama Kijacho: Mwalimu, msingi walisoma kwa Kiswahili miaka saba, ghafla sekondari kila kitu Kiingereza. Na wengi huko nyumbani ni Kimwera. Usiwalaumu.

Mzee_wa_Ruponda: Babu yangu alijifunzia Kiingereza kwenye mradi wa karanga wa Waingereza hapo hapo Nachingwea, ule uliokufa 1951. Alianza na majina ya vipuri vya trekta. Watoto wa sasa ni simu tu.

Dada_Mikindani: Umesema mwanzoni walinong'ona. Nini kilibadilika?

Ticha_Kusini: Dada, hilo halihusiani.

Dada_Mikindani: Linahusiana. Sema.

Ticha_Kusini: Haya. Niliweka faini. Ukitamka Kiswahili kipindini, shilingi 100. Hela sili, nanunulia manila na maka peni, mkuu wa shule anajua. Wasipobanwa hawaongei. Na wazazi kipindi hiki cha Julai wana hela za mnada wa mazao.

Dada_Mikindani: Kunyamaza hakuna faini, ndiyo maana wananyamaza.

Mchunguzi: Mnada gani Julai? Korosho ni kuanzia Oktoba. Hii chai wakuu, mtoa mada hata daraja la Mkapa la kuingia kusini hajavuka.

Ticha_Kusini: Julai ni ufuta. Nani kataja korosho?

Mzee_wa_Ruponda: Kweli, ufuta. Bei imesimamaje huko wiki hii?

Ticha_Kusini: Mzee wangu, tafadhali, nazungumzia watoto. Jana binti alitaka ruhusa ya kwenda chooni, sentensi haijui, Kiswahili anaogopa. Alikaa akitafuna kalamu hadi ikapasuka, kengele ikalia ndipo akatoka mbio. Naumia.

Dada_Mikindani: Pole, ila futa faini kesho. Wakae wawili wawili, wajadili kwanza kwa Kiswahili au Kimwera, kisha kila mmoja amwambie mwenzake sentensi moja ya Kiingereza. Asisimamishwe mbele ya darasa. Waanze na wanachokijua: ufuta unavyokatwa, unavyosimamishwa ukauke, unavyokung'utwa kwenye turubai. Kwangu hata wa dawati la nyuma waliongea.

Ticha_Kusini: Hilo la wawili wawili nitalijaribu. Faini nabakiza kwa wasumbufu tu.

Dada_Mikindani: Hao wasumbufu ndio pekee wanaokuongelesha, mwalimu.

Mama Kijacho: Na zile walizokwishatoa, unawarudishia lini?