M-CHAT-R imetoa alama 5, nini kinafuata?

Swali: Wadau, mtoto wa miezi 22, haongei. Dodoso la M-CHAT-R (maswali 20 kwa mzazi ya kuchuja dalili za usonji, yaani autism) limetoa alama 5. Je, huo tayari ni usonji?

Jibu 1: Hapana, dodoso linachuja tu. Alama 0–2 ni hatari ndogo, 3–7 ya kati, 8 kwenda juu kubwa. Ila kwanza hakiki hesabu: swali la 2, la 5 na la 12 hupata alama kwa "ndiyo", mengine 17 kwa "hapana". Wengi hukosea hapo. Kisha rudi kwa mzazi na yale maswali yaliyopata alama tu, udai mifano. Mzazi anasema "anaonyesha kitu". Je, kwa kidole, au anaukokota mkono wa mama hadi kwenye kabati? Zikibaki alama 2 au zaidi, andika rufaa ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Jibu 2: Na masikio yapimwe na mtaalamu. Kupiga makofi nyuma ya kisogo si kipimo, mtoto huhisi hata upepo.

Jibu 3: Kwa umri huo mwanasaikolojia hutumia ADOS-2 (kipimo cha usonji cha kumtazama mtoto akicheza), moduli ya wadogo (miezi 12–30), mchezo wa dakika 40–60, pamoja na historia ya makuzi. Akifika na usingizi au homa, ahirisheni.

Msisubiri majibu ya vipimo ndipo muanze kumsaidia awasiliane. Weka anachokipenda kwenye kopo lisilofunguka kirahisi, mpe, nyamaza sekunde 5 hivi. Akikutazama au akikurudishia kopo, fungua papo hapo. Ukimlazimisha kwanza atamke, atalia na mchezo umekwisha.