Kidonda cha mguu cha baba mwenye kisukari hakifungi: naomba ushauri

Binti wa Makorora:
Assalaam aleikum. Baba yangu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ana kidonda kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, ambacho hakijafunga tangu kabla ya Ramadhani, ijapokuwa tunakisafisha kila siku na amemaliza dozi ya antibayotiki. Kwa kuwa hasikii maumivu, bado anakwenda dukani kwake Ngamiani kwa miguu, akiwa amevaa kandambili. Majirani wanashauri tumpake majani. Ni nini kinachozuia kidonda kupona?

Muuguzi wa Vidonda:
Wa aleikum salaam, binti yangu. Huko kutosikia maumivu kunanitia hofu kuliko kidonda chenyewe. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu hadi mguu ukafa ganzi, na kila hatua anayopiga huponda nyama changa inayojaribu kuota. Hakuna dawa, iwe ya hospitali au ya majani, itakayofaa kitu ikiwa uzito wa mwili unakilalia kidonda mchana kutwa. Akae nyumbani, na mumuulize daktari kuhusu plasta ngumu au kiatu maalumu cha kuondoa mgandamizo. Majani yasiguse kidonda hicho.

Shemeji wa Pangani:
Naongezea kwamba mishipa ya damu ya miguu nayo ipimwe, kwa sababu ikiwa imeziba, oksijeni haifiki kwenye kidonda, wala antibayotiki haifiki ipasavyo. Kama anavuta sigara, aache. Ombeni pia eksirei, maana maambukizi yakiingia kwenye mfupa kidonda hakifungi, au hufunga kisha kikafumuka tena.

Binti wa Makorora:
Ahsanteni sana. Sigara havuti. Ila kwa kuogopa sukari ameacha hata samaki, anakula ugali kidogo na mchicha.

Muuguzi wa Vidonda:
Samaki hapandishi sukari, mwanangu. Ugali ndio unaopandisha. Mwili hujenga nyama mpya kwa protini, kwa hiyo mrudishieni samaki, dagaa na maharage, isipokuwa kama daktari amemwekea kiasi kwa sababu ya figo. Apimwe pia wastani wa sukari wa takriban miezi 3, kwani kipimo cha asubuhi moja hakitoshi. Kidonda kisichopungua nusu ya eneo lake katika wiki 4 za matibabu sahihi kinahitaji kuchunguzwa upya, basi mpelekeni Hospitali ya Bombo wiki hii. Mkiona weusi, harufu, homa au wekundu unaopanda mguuni, msingoje kupambazuke.